Najiat Alivyofungwa Kamba Tura

“Golikipa akaruka kulia, mpira ukagonga mwamba, ukarudi uwanjani, na—”

Simu ikanyamaza.

“Na nini?” watu wakapiga kelele. “Na nini, Mama Julieth? Itikise!”

Dada yangu Ngollo akaitikisa. Akaipuliza. Akaigonga pajani kama mtu anayekung'uta kiberiti kilicholowa. Kimya. Halafu ikatoka sauti ya mwanamke asiyemjua, ikasema jambo kwa Kiingereza, ikakata. Msichana mmoja akachungulia kioo akamsomea: Programu ya Kirangozi imeondolewa kwa usalama wako. Tumia Velto Dirisha.

“Usalama wangu?” Ngollo akauliza. “Kwani nani kawaambia nimevamiwa?”

Hapo ni stesheni ya Tura, upande wa mashariki wa Tabora, na Ngollo alikuwa amekaa pale anapokaa kila siku ya treni: beseni la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukaushwa, mbele yake, chupa za asali ubavuni, na kamba za gome la miyombo za kufungia mizigo ya wateja zimemzunguka magoti. Dada yangu haoni. Homa iliyopita huku wakati binti yake Julieth bado anabebwa mgongoni iliondoka na macho yake. Lakini simu ilikuwa ikimsomea. Ilimsomea magazeti, bei ya asali, masomo ya Jumapili, saa ya kufika treni, na mpira. Mpira hasa. Jana yake timu ya mkoa wetu ilikuwa imecheza na timu ya pwani, na watu walijaa pale kusikiliza taarifa ya mechi kutoka kwenye paja la Ngollo, ingawa nusu yao walikuwa na simu zao mfukoni. Kusoma peke yako ni kama kula peke yako. Utashiba, lakini utamu hakuna.

“Nikwambie ilivyoisha?” akasema Dismasi, muuza dagaa kutoka Ulyankulu. “Mimi matokeo ninayo.”

“Thubutu! Nilikuwa nasoma mwenyewe, na nitamaliza mwenyewe. Atakayenitajia matokeo, kwenye beseni langu asitie mkono tena mpaka kiama.”

Wakacheka. Walidhani anatania. Kumbe mwanamke alikuwa ameapa.

Nieleze kidogo hiyo Kirangozi, maana wapo watakaosema ni kelele za mpira tu. Kuna kitu kinaitwa kivinjari. Ndicho mlango wa simu kuingilia kwenye mtandao: ukitaka gazeti, ukitaka fomu ya serikali, ukitaka kujua mvua, unapita hapo. Mpwa wangu Julieth, anayefundisha kompyuta Tabora mjini, alitengeneza kivinjari chake kwa ajili ya mama yake. Kinavua ukurasa mapambo yote, kinabakiza maneno, kinayatunza tumboni ili mnara ukipotea usipotee nao, na kinayasoma kwa Kiswahili cha mtu aliyezaliwa nacho. Kinakumbuka hata mstari ulipoishia. Akakiita Kirangozi, kwa jina la yule mtu aliyetangulia mbele ya msafara zamani, wakati babu zetu wanabeba pembe kutoka huku mpaka pwani. Kikaenea. Vipofu wakakitumia, wasiojua kusoma wakakitumia, na wenye mtandao dhaifu ndio kabisa.

Na hapo ndipo kampuni ya Velto ilipoamka. Simu za Velto ndizo zimejaa huku, kwa sababu ni rahisi na chaji yake inakaa. Siku moja wakazisasisha simu zote kwa mpigo, na kila kivinjari kisicho chao kikang'olewa. Chao kinaitwa Dirisha. Dirisha linataka mtandao wa mjini, linatanguliza matangazo kabla ya habari, na likisoma Kiswahili linakisoma kama mtu aliyejaza viazi vya moto mdomoni.

Nilikwenda dukani kwao Tabora. Kijana wa pale, shati limenyooka, akaniambia: “Mzee, kama hupendi, nunua simu nyingine.”

Neno hilo sitalisahau. Mimi sina vyeti, lakini kumbukumbu ninayo, na niliyoyasikia kwa wakubwa wangu ninayo yote. Njia hii ya msafara ilijaa watu waliokaa kwenye visima na vivuko wakitoza hongo, na kila mmoja alisema anatoza kwa usalama wa msafiri. Usalama! Baadaye wakaja wengine wakakataza watu kuingia misitu yao wenyewe kuning'iniza mizinga. Usalama tena. Kila nilipolisikia neno hilo kutoka kwa mtu aliyeshika ufunguo, nilichungulia upande wa pili nikakuta amejifungia kitu chetu. Simu kainunua Ngollo kwa asali yake. Iko pajani kwake. Leo mtu asiyejua hata Tura iko wapi anamchagulia mlango wa kupitia, halafu anamwambia hama nyumba?

Basi tukapiga kelele. Julieth akaandika malalamiko kwa lugha ya kitaalamu, mimi nikazunguka Bukene, Urambo, mpaka Kipalapala nikisema na yeyote mwenye masikio. Wengine kwingine nchini nao walikuwa wakilia kilio hicho hicho. Mwishowe Baraza la Ushindani wa Simu likatangaza kwamba litakuja kusikiliza pande zote Tabora: je, mtengeneza simu aruhusiwe kuzuia vivinjari vya wenzake, au alazimishwe kufungua?

Miezi ilikuwa imepita. Ngollo bado hakujua mechi iliishaje. Mtu akianza tu kusema “ile siku ya—” anapigwa kiwiko. Stesheni nzima, wapiga debe na mapadri wanaopita, walikuwa wakimlindia kiapo chake.

*

Wiki ya Baraza, Velto wakamtuma afisa wao Tura, kutafuta picha za wateja wenye furaha. Alishuka treni, akalala kwa gesti, na siku ya treni ya kwenda Tabora akaja stesheni na mizigo yake, na mpigapicha wake Tobias, na mwavuli wenye rangi za kampuni. Mwanamke wa makamo, mchangamfu, macho hayatulii. Mtu alikuwa amemwambia kuna mama kipofu anayetumia Velto. Hakuambiwa zaidi.

“Shikamoo, mama,” akamwambia Ngollo.

“Marahaba, mwanangu. Sauti yako si ya huku. Kabila gani?”

“Mzaramo, mama. Wa Kisarawe. Naitwa Najiat.”

Halafu Ngollo akatupa kichwa nyuma akacheka mpaka chupa za asali zikagongana.

“Mzaramo! Mtani wangu kajileta mwenyewe! Nyie si ndio mliokuwa mnawauzia babu zetu maji ya kisima kwa bei ya nyama?”

Nikadhani mgeni atatahayari. Wapi! Najiat akashika kiuno, uso ukang'aa kama mtu aliyekutana na ndugu.

“Na nyie si ndio mlioonja bahari mkauliza nani kamwaga chumvi yote hii?”

“Tulionja, tukatema, tukarudi kulima. Nyie mmebaki mnaitumbulia macho hadi leo.”

“Tulime ya nini, mama, wakati chakula mlikuwa mnatuletea wenyewe kichwani?”

Vigelegele! Watu wakasogea, treni wakaisahau. Kwa wasiojua: sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za njia hiyo. Walitupokea, tukawazika, wakatuzika. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo ukacheka. Anaweza kukunyang'anya kofia. Na anaweza kukufunga. Akikufunga, hufunguliwi mpaka ujikomboe, na anayekufungua ni yeye aliyekufunga, si mwingine.

“Sasa mama,” Najiat akasema akiwa bado anacheka, “mimi nimekuja kwa kazi. Tobias anakupiga picha, wewe unasema maneno mawili tu: Velto inanipa sauti. Basi.”

Watu wakatazamana. Dismasi akakohoa.

“Velto inanipa sauti,” Ngollo akarudia taratibu, kama anayeonja mboga iliyozidi magadi. “Nimekusikia. Lete mkono nikushike kwanza, mtani. Nimjue ninayesema naye.”

Najiat akatoa mkono. Dada yangu akaupapasa kiganja, akapanda kifundoni, na kabla mtu hajapepesa macho kamba ya gome ilikuwa imezunguka mara mbili na kukazwa kwa fundo la mzinga, lile tunalofungia mizinga juu ya miti. Fundo hilo ukilivuta linabana zaidi.

“Amefungwa!” watu wakalipuka. “Mzaramo amefungwa!”

“Tobias!” Najiat akaita. “Unaona wanavyonifanya?”

“Mimi Mhaya, dada. Kwa hayo simo,” Tobias akajibu, jicho liko kwenye kamera, mabega yanatikisika kwa kicheko.

“Haya mama, najikomboa. Soda kwa wote hapa.”

“Soda tunazo.”

“Kitenge.”

“Nikivaa nani atanisifia, na hawa wote waongo?”

“Basi simu mpya. Ile kubwa kabisa. Nitakuletea mwenyewe.”

Ngollo akainamisha kichwa. “Hiyo kubwa, inaruhusu Kirangozi?”

Najiat akamgeukia Tobias, Tobias akaendelea kupiga picha.

“Hairuhusu,” Ngollo akasema. “Kwa hiyo unataka kunihamisha chumba ndani ya jela ile ile.”

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikapanda juu ya gunia la mtu nikasema, “Mtani, mimi ni Bundala, kaka yake huyu. Sikiliza. Msafara ulipofika njia panda, kirangozi alikata tawi bichi akaliweka kwenye njia isiyofaa, na wa nyuma wote wakalitii bila kuuliza. Unajua kwa nini walitii? Kwa sababu aliyeweka tawi alikuwa ametangulia kwa miguu yake kwenye njia aliyoiacha wazi, mzigo kichwani kama wao! Kama kuna miiba, imeanza kumchoma yeye. Nyie mmetuwekea tawi. Tumetii. Watu huku walidhani aliyeliweka anajua njia. Sasa nakuuliza: njia mliyotuachia, wewe umeipita?”

“Kila siku natumia Dirisha, kaka.”

“Kwa macho,” Ngollo akasema.

Halafu dada yangu akavua khanga ya begani.

“Kombolea hivi. Nakufunga macho. Unachukua simu yangu, maana ndiyo ya bei yetu. Unaingia kwa hilo Dirisha lenu, unaniambia treni yako ya Tabora inafika Tura saa ngapi. Kitu ninachokifanya mimi kila siku ya treni kabla sijabandika matobolwa. Ukinipa jibu, nakufungua hapo hapo, na maneno yako ya picha nayasema.”

“Hilo tu?” Najiat akacheka. “Funga, mama. Funga vizuri msije mkasema nimechungulia.”

Wakamfunga. Akakaa chini kando ya beseni, simu pajani. Akagusa.

“Kitufe,” ikasema simu kwa ulimi wa viazi. “Kitufe. Picha. Picha. Kitufe kisicho na jina.”

“Hicho kisicho na jina ndicho kipi?” Najiat akanong'ona.

“Sisi tunakuuliza wewe wa kampuni!” akajibu Dismasi.

Akagusa pengine. Simu ikazunguka, ikasubiri mnara, ikafungua tangazo la dawa ya kupunguza tumbo, ikalisoma lote. Akalifuta. Likaja la pili. Akagusa mahali, simu ikampongeza: amejiunga na huduma ya kutumiwa nyota yake kila asubuhi.

“Nimejiunga na nini?”

“Nyota! Nyota yako, mtani!” Watu walikuwa wameshikana mabega. Mama mmoja alikaa chini kabisa, machozi yanamtoka.

“Kimya, nasikiliza! Nimeshafika kwenye ukurasa wa reli. Huu hapa.”

“Picha,” ikasema simu. “Picha. Kitufe.”

Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo. Nilimtazama mikono. Mwanzo iligusa kwa madaha, kama mtu anayecheza bao. Sasa ilikuwa inapapasa, inarudi, inapapasa. Kicheko cha watu kikapungua chenyewe. Mchezo ulikuwa umegeuka kitu kingine, na kila mtu pale alikiona isipokuwa wawili, mmoja kwa khanga na mwingine kwa homa ya zamani.

“Mama,” Najiat akasema kwa sauti ndogo. “Ndivyo ilivyo kila siku?”

“Tangu mliponiondolea Kirangozi. Mimi nilishaacha kujaribu.”

Honi ikalia upande wa mashariki.

“Imefika!” Najiat akaruka. “Treni imefika! Hilo ndilo jibu!”

“Imesema simu?”

“Nasikia mwenyewe!”

“Aa, mtani. Masikio yako si mali ya Velto. Nataka jibu la Dirisha.”

Na Dirisha, naapa kwa mizimu ya kwetu, likajibu wakati huo huo, mabehewa yanapita mbele yetu: “Bando lako limekwisha.”

Sijawahi kuona stesheni ikicheka namna ile. Abiria walichungulia madirishani wakidhani ni harusi. Najiat akavua khanga, nywele zimemvurugika, akaanza kukusanya mizigo. Tobias akatoa kisu kidogo kilichoning'inia kwenye funguo zake.

“Nikate haraka, dada?”

Najiat akautazama mkono wake, akamtazama Ngollo.

“Acha. Kamba ya mtani haikatwi kwa kisu. Sijajikomboa.” Akarukia ngazi, na treni ilipoanza kusogea akatoa kichwa nje, maana Dismasi alikuwa ameshamnong'oneza kile kiapo: “Mama! Na ile mechi mliyocheza na sisi, nikwambie iliishaje?”

“Thubutu!” Ngollo akapiga ukelele. “Mzaramo wewe! Thubutu!”

*

Nilipanda treni hiyo hiyo, maana kesho yake ndiyo siku ya Baraza. Nikakaa na Najiat behewa moja. Nilikuwa nimejiandaa kumshambulia mpaka Tabora, nilikuwa na hoja tangu enzi za vita vya Mirambo. Hakunipa nafasi. Muda mrefu alikaa amefumba macho, simu mkononi, anagusa. Nikadhani anasinzia. Kumbe alikuwa anarudia ile safari ya Dirisha gizani.

Ukumbi wa Tabora ulijaa mpaka madirishani. Mbele alikaa mwenyekiti wa Baraza, Bi. Advera, miwani puani, mwanamke asiyependa porojo. Velto walileta wanasheria, na mkubwa wao mmoja akazungumza kutoka kwenye kioo kikubwa ukutani, yeye yuko ng'ambo.

Sitamsingizia. Alisema hoja. Alisema kuna vivinjari vya wezi, vinavyoiba namba za siri za watu na pesa zao. Alisema nyumba yenye mlango mmoja hulindwa kwa urahisi kuliko yenye milango kumi. Watu wengine wakaitikia kwa vichwa. Hata mimi kichwa changu kilitaka kuitikia.

Julieth akasimama. Nilimwona kwa nyuma, mabega yake membamba, nikakumbuka alivyokuwa akimsomea mama yake vipande vya magazeti yaliyofungiwa karanga.

“Mheshimiwa, nyumba yenye mlango mmoja, moto ukiwaka mlangoni watu wanatokea wapi?” akasema. “Wezi wapo. Kirangozi hii hapa, wakague kila mstari. Wakikuta wizi, nifungwe. Mlango wa pili uwekewe mlinzi, nakubali. Lakini wao hawakuweka mlinzi. Wamejenga ukuta, halafu nyuma ya ukuta wamepanga matangazo yao.”

Nikapiga makofi peke yangu kabla ya wakati. Nikakodolewa macho. Sikujali.

Kisha Velto wakamwita shahidi wao, afisa aliyetoka vijijini kuonana na wateja. Najiat akapanda. Alikuwa amevaa suti, kichwa kimesukwa upya. Bi. Advera akashusha miwani.

“Hiyo mkononi ni bangili?”

“Ni kamba, mheshimiwa. Nimefungwa na mtani wangu Tura, na bado sijajikomboa.”

Ukumbi ukaunguruma. Watu wa Tabora utani hawahitaji kuelezwa. Mwenyekiti akagonga meza, lakini nilimwona akiuma mdomo.

“Endelea. Wateja wanasemaje?”

Mwanasheria akamsogezea karatasi. Najiat akaigeuza kifudifudi.

“Niliandaliwa kusema kwamba wameridhika. Niliombwa pia nilete picha. Picha nimeleta.” Akamwashiria Tobias.

Basi kwenye kioo kile kile cha mkubwa wao ikatokea Tura: khanga, beseni, kidole kinachopapasa, kitufe kisicho na jina, dawa ya tumbo, nyota. Ukumbi ulianza kwa kicheko. Video ilipofika pale anapouliza “ndivyo ilivyo kila siku?” hakuna aliyecheka. Na lilipotoka lile jibu la bando, treni inapita, watu walisimama kwa hasira, na mimi nilikuwa nimeshasimama zamani.

“Najiat,” sauti ya mkubwa ikasema kutoka ukutani, “hukutumwa hicho.”

“Nilitumwa kusema uzoefu wa mteja, bosi. Nimeupata.” Akamgeukia mwenyekiti. “Mheshimiwa, mimi nimeuza Dirisha kwa miaka. Nilikuwa nasema ndiyo njia salama, na nilikuwa naamini. Sikuwahi kuipita nimefumba macho. Yule mama alinitaka kitu kimoja tu, saa ya treni, na nilishindwa kukipata kwenye simu ya kampuni yangu nikiwa nimeketi stesheni. Chao kipo, kinafanya kazi, tumekizuia. Hilo ndilo ninalolijua.”

Mwanasheria akakunja karatasi zake kama anayekunja mkeka wenye moto. Nje, kwenye ngazi, nikamshika Najiat mkono, ule wenye kamba.

“Dada, watakufukuza.”

“Wakifukuza, nakuja kuuza maji ya kisima kwenu. Kwa bei ya nyama,” akasema, ila macho yalikuwa yamelowa. “Kaka Bundala, nimejikomboa au bado?”

“Mimi siye niliyekufunga.”

*

Baraza liliamua kabla ya mvua kukolea. Amri ilikuwa fupi, na mimi niliibandika mlangoni kwangu: kila mtengeneza simu aruhusu vivinjari vya wenzake vilivyopita ukaguzi, na mwenye simu achague mwenyewe. Velto walinung'unika, wakakata rufaa, ikatupwa. Kirangozi ikakaguliwa, ikapita. Nilitaka kusherehekea Tabora nzima, Julieth akanizuia.

“Bado, mjomba. Mama hajawasha.”

Ngollo alikuwa amegoma kuwasha. Simu ilikuwa imeshasasishwa, Kirangozi ilikuwa imerudi mahali pake, na yeye kakaa nayo mfukoni kama yai. Sababu? Alikuwa amesikia kwamba Najiat yuko njiani. Velto hawakumfukuza. Walimshusha, wakampa kazi ya kuzungusha chaja madukani, na siku hiyo alikuwa anapita na treni ya kwenda Kigoma. Ofisini waliwahi kumwambia akate ile kamba, inaaibisha. Akawajibu si yao.

Treni ilipoingia tulikuwa tumejaa. Sijui nani aliwaita watu wa Urambo, labda mimi. Najiat alikuwa dirishani, mkono nje tangu mbali, kamba imekauka na kuwa nyeusi.

“Mtani! Nifungue kabla haijaondoka! Inasimama kidogo tu!”

“Unavyoogopa! Kwanza tuone kama umelipa.” Ngollo akaushika ule mkono kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akatoa simu. Akagusa.

Wote tulijua matokeo. Hata watoto waliyajua. Na wote tulikuwa tumeinama kama hatujui chochote duniani.

“Habari ya mchana, Ngollo,” ikasema sauti ile, ile yetu. “Tuliishia hapa. Golikipa akaruka kulia, mpira ukagonga mwamba, ukarudi uwanjani, na winga wetu akaukuta unadunda, akaupiga kwa kichwa, ukaingia wavuni. Goli!”

Stesheni ya Tura ikapasuka. Dismasi alirusha tenga la dagaa juu. Watu walikumbatiana, walirukaruka, mhudumu wa treni akapuliza filimbi bila sababu. Goli la miezi iliyopita! Mimi nililia, siwafichi. Ngollo alipiga vigelegele huku vidole vyake vinalegeza fundo la mzinga, mara moja, bila kuhangaika, na kamba ikaanguka.

“Tumewafunga!” akamwambia Najiat usoni. “Mzaramo, tumewafunga!”

“Mama, subiri basi usikie mbele,” Najiat akasema, anafikicha kifundo cha mkono, anacheka kama mtu anayejua jambo. “Msishangilie sana.”

Treni ikaanza kusogea. Watu bado wanaimba. Ngollo akakunja uso, akainua mkono juu.

“Hebu nyamazeni!” akapiga kelele, simu ameishika sikioni kwa mikono miwili. “Nyamazeni, nasoma! Mechi haijaisha.”